Uliza Mzee Wigan: Billy Boston kwao ni wapi?

Toleo lililopita niligusia, kwa sentensi moja tu, kwamba Juni 2025 Mfalme Charles alimpa Billy Boston cheo cha Sir, na kwamba ndiye mchezaji wa kwanza wa raga ya watu 13 kupewa heshima hiyo. Nikadhani nimepita salama. Kumbe nimechokoza nyuki. Mwezi huu nimeweka kando maswali mengine yote, najibu ya Boston peke yake. Walioniuliza juu ya ndondi na bao wanivumilie.

*Shikamoo Mzee Wigan. Mimi na kaka yangu tumebishana mpaka mama akatuzimia taa. Mimi nasema Billy Boston ni mtu wa Cardiff kwa sababu ndiko alikozaliwa. Kaka anasema ni mtu wa Wigan, ule mji wa kaskazini mwa Uingereza, ndiko alikochezea. Nimemwambia mwacha asili ni mtumwa. Tuamue tafadhali.*
— Kijana wa Nakuru

Marahaba, mwanangu. Hiyo methali uliyomtupia kaka yako ni nzito. Irudishe mfukoni kwanza, mwisho tutaona kama inamfaa mtu yeyote hapa.

Boston alizaliwa tarehe 6 Agosti 1934 huko Cardiff, bandari ya Wales, zamani hizo hata mji mkuu haijawa. Mtaa wao ni Butetown, ambao mabaharia wa dunia nzima waliujua kwa jina la Tiger Bay. Baba yake, John, alikuwa baharia kutoka Sierra Leone. Mama yake, Nellie, alikuwa wa hapo hapo Cardiff, mwenye asili ya Ireland. Nyumba yao ilikuwa Angelina Street, watoto 11, na Billy ndiye wa sita: watano juu yake, watano chini yake. Aliyezaliwa nafasi hiyo hafundishwi kukimbia na mtu, maana sufuria haimngoji.

Ukitaka kuuona mtaa ule, chukua Mji wa Kale na Majengo ya hapa Mombasa uviweke pamoja kando ya gati, halafu uviletee baridi. Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi, wa visiwa vya Karibi, Wamalta, Wanorwe. Peel Street palikuwa na msikiti tangu miaka ya 1940. Mwimbaji Shirley Bassey ni mzaliwa wa upande huo huo. Joe Erskine, aliyekuja kuwa bingwa wa ndondi wa Uingereza uzito wa juu mwaka 1956, alikuwa rika lake Billy mtaani. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchochea moto melini, na alikuwa akituambia kwamba bandari zote za Ulaya alikuwa akiulizwa "umetoka wapi wewe?" isipokuwa Tiger Bay, kwa sababu pale hata muulizaji alikuwa ametoka mahali.

Mtaani walikuwa na klabu yao ya raga, Cardiff Internationals, wenyewe wakiifupisha CIACS, iliyoanza 1946. Billy akaanzia hapo. Baadaye akaichezea pia Neath, klabu kubwa upande wa magharibi. Lakini klabu aliyoitaka ni ya mji wake, Cardiff, inayocheza Arms Park, mwendo wa miguu tu kutoka kwao. Kijana amekaa anangoja aitwe. Neath wamemwona, jeshi limemwona, lakini Cardiff, majirani zake, hawakumwita. Kila mtu Butetown alikuwa na jibu lake kwa nini, na rangi ndiyo iliyotajwa kwanza.

Akaingia jeshini kwa ule utumishi wa lazima, akapangwa kikosi cha mawasiliano huko Catterick, kaskazini mwa Uingereza. Ndipo siri ikatoka. Fainali ya kombe la jeshi mwaka 1953, kikosi chake dhidi ya Welsh Guards, peke yake alifunga trai sita. (Trai, kwa wasiojua, ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini.) Kaskazini ndiko raga ya malipo, yaani ile ya watu 13, ilikokuwa ikiishi, na wenye vilabu vyake walikuwa na macho kila kona.

Wakuu wa klabu ya Wigan wakapanda gari mpaka Cardiff. Inasimuliwa kwamba walimwaga paundi 1,000 mezani, noti tupu, mbele ya mama mtu. Nellie hakutaka mwanawe aende. Akawaambia mkitoa 3,000 atatia saini, akijua hapo watachukua kofia zao waondoke. Wakatoa 3,000. Hiyo ilikuwa Ijumaa tarehe 13 Machi 1953. Wazungu huiogopa mno Ijumaa ikiangukia tarehe 13. Kwetu Ijumaa ni baraka, kwa hiyo mimi sikushangaa hata kidogo jinsi mambo yalivyomnyokea baadaye.

Mechi yake ya kwanza Wigan haikuwa hata ya timu kubwa, ilikuwa ya akiba, na bado walikuja watu zaidi ya 8,000 kumtazama mtoto wa miaka 19. Alikuwa amecheza mechi sita tu za timu kubwa alipochaguliwa kwenda na timu ya taifa ya Uingereza ziara ya Australia na New Zealand, 1954. Hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kupelekwa ziara hiyo kabla yake. Akarudi na trai 36 katika mechi 18. Wigan walikaa naye mpaka 1968: mechi 488, trai 478. Piga hesabu mwenyewe, ni kama trai moja kila akivaa viatu. Mara mbili alifunga saba katika mechi moja. Ukijumlisha na mechi za taifa na zile za mwisho mwisho katika klabu ya Blackpool, trai zote ni 571. Aliyempita ni mmoja tu katika historia yote ya mchezo huo, Brian Bevan wa Warrington, mwenye 796, naye alikuwa Mwaustralia.

Na hakuwa mwembamba kama mawinga wengine. Alikuwa na mbio za winga na kifua cha mbeba magunia. Niliendesha basi Wigan miaka 17 (ndiyo sababu ya jina hili mlilonibandika), na katika chumba chetu cha chai palikuwa na dereva mzee aliyekuwa akieleza kwa vikombe. Kikombe hiki ni Billy, vile vitatu ni mabeki. Kikombe hakikuwa kinavizunguka vile vitatu, kilikuwa kinapita katikati yao, na chai ikimwagika ndiyo raha ya hadithi. Hakuwahi kumwita Boston. Alikuwa akisema "Billy" tu, kama unavyomtaja mtoto wa dada yako.

Sasa tuamue. Mimi nampa kaka yako. Cardiff ilikuwa naye mkononi miaka 18, haikumtaka. Wigan ilimlipia, ikampa jezi, ikampa mke, na alipoacha kucheza hakufunga mizigo kurudi Wales. Alibaki, akaendesha baa ya Griffin, hatua chache kutoka Central Park, uwanja aliouchezea. Methali yako inasema mwacha asili. Haya, kati ya kijana yule na klabu ya mji wake, nani alimwacha mwenzake? Ukinijibu hilo niandikie tena.

*Mzee, naona raga kwenye runinga mara moja moja. Kuna ya watu 15, wewe unasema ya watu 13, na vijana wa Kenya wanacheza saba. Ni mchezo mmoja au mitatu?*
— Fundi cherehani, Tanga

Ni ukoo mmoja uliogombania urithi, fundi. Ile ya saba ni mtoto wa ile ya 15, sheria zake karibu ni zile zile, watu ndio wachache. Ugomvi wenyewe ni kati ya 15 na 13.

Zamani raga ya Uingereza ilikuwa moja, na mwiko wake mkubwa ulikuwa kulipwa. Kwa watoto wa matajiri wa kusini hilo halikuwa shida. Kaskazini wachezaji walikuwa wachimba makaa ya mawe na watu wa viwanda vya nyuzi, wakifanya kazi mpaka Jumamosi. Ukienda kucheza, unakatwa mshahara. Vilabu vya kaskazini vikaomba ruhusa ya kumrudishia mtu ile pesa aliyokatwa, si zaidi. Wakuu wakakataa. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, vilabu hivyo vikajitoa, Wigan ikiwemo. Tangu 1906 wakapunguza wachezaji wakawa 13 ili uwanja ufunguke na watu waone mbio badala ya lundo la miili. Siku hizi timu ikishika mpira inaruhusiwa kuangushwa mara sita, kisha inauachia. Enzi za Boston sheria hiyo haikuwapo, na mpaka 1966 mlikuwa mnashika mpira mpaka mjikwae wenyewe, na trai ilikuwa pointi tatu, si nne kama leo.

Kisasi cha ile ya 15 kilikuwa kibaya. Ukipokea hata senti moja kaskazini, umefungiwa maisha. Basi Boston alipotia saini mbele ya mama yake, jezi nyekundu ya Wales ilikuwa imemtoka hapo hapo, na alijua. Nawafahamu wazee walioniambia kwamba mchezaji wa aina hiyo akirudi Wales kutembea, hata kwenye baa ya klabu yake ya zamani hakaribishwi. Walishikilia mwiko huo mpaka tarehe 26 Agosti 1995, walipoamua na wao kulipana. Zilibaki siku tatu itimie miaka 100. Nilikuwa Wigan mwaka ule. Wenzangu kazini walicheka wiki nzima.

*Mwalimu wetu wa historia alisema Boston aliwahi kuzuiwa kuingia Afrika Kusini. Ni kweli au ni hadithi?*
— Mwanafunzi wa kidato cha nne, Dodoma

Mwalimu wako hakukosea. Mwaka 1957 Boston alikwenda Australia na timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia. Baada ya mashindano, timu ya Uingereza na ya Ufaransa zilipangiwa mechi za maonyesho Afrika Kusini njiani kurudi. Serikali ya ubaguzi ya huko isingekubali mweusi na weupe wavae jezi moja uwanjani. Wenzake wakaenda wakacheza. Yeye akarudi Uingereza peke yake.

Mimi sina hasira sana na makaburu katika jambo hili, maana walikuwa wakijulikana walivyo. Hasira yangu ni kwa waliopanga safari ile wakijua mwenzao atashushwa njiani. Timu ya watu 13 inayokubali kwenda bila winga wake bora, kwa mechi za kujipatia visenti, haina la kuniambia.

Lakini mwanangu, ukimwandikia mwalimu insha, usiishie hapo. Kulikuwa na kijana mwingine wa Cardiff, mweusi, wa mtaa wa Splott, jina lake Clive Sullivan. Naye akaenda kaskazini, mji wa Hull. Mwaka 1972 Sullivan akawa nahodha wa timu ya raga ya Uingereza, na hakuna mweusi aliyewahi kuwa nahodha wa timu yoyote ya taifa ya nchi ile kabla yake, si ya soka, si ya kriketi. Mwaka huo huo, Lyon, Ufaransa, katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Australia, aliupata mpira ndani ya nusu yake akakimbia mpaka upande wa pili wa uwanja. Mechi ikaisha 10-10, kombe wakapewa Uingereza kwa kuwa walifanya vizuri zaidi kwenye mechi za awali. Ni miaka 15 tu tangu ile safari ya 1957. Sullivan alifariki 1985, umri 42. Ukiingia Hull kwa gari kutoka magharibi, barabara yenyewe inaitwa Clive Sullivan Way. Huko nako pana vilabu viwili vinavyochukiana kama paka na panya, na vyote viwili alivichezea, na vyote viwili vinamlilia.

*Mbona mnaongea trai na pointi tu? Huyo mkewe alikuwa nani?*
— Bi mmoja wa Malindi, Unguja

Umenishika, bibi. Anaitwa Joan, na kabla ya kuolewa alikuwa Joan Rudd, binti wa Wigan. Miaka ya 1950 binti mzungu wa mji wa makaa ya mawe kuolewa na kijana mweusi haikuwa kazi nyepesi, hata kama kijana mwenyewe Jumamosi anabebwa mabegani. Wamekaa pamoja zaidi ya miaka 60.

Utasema nimekwepa trai nikarudia cheo, lakini hapa ndipo Joan anapohusika. Boston alipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, akathibitishiwa mwaka 2016. Nishani ndogo ya MBE alikuwa nayo tangu 1996. Watu wa kaskazini walilalamika miaka kwamba raga yao ya watu 13 haijawahi kutoa hata Sir mmoja, wakati soka, kriketi, riadha na hata mbio za farasi wamejaa. Basi cheo kilipofika alikuwa na miaka 90 na hali yake haikuruhusu kungoja wala kusafiri ovyo. Tarehe 10 Juni 2025, kabla hata orodha ya heshima ya mwaka ule haijatangazwa, akatawazwa. Wapi? Ukumbi wa manispaa ya Wigan. Naomba yule kijana wa Nakuru asome mstari huo mara mbili. Kuanzia siku hiyo yule binti wa Wigan anaitwa Lady Boston.

*Je, yupo Mkenya aliyewahi kucheza hiyo raga ya watu 13 kwa kulipwa?*
— Shabiki wa Shujaa, Nairobi

Yupo. Lucas Onyango, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa ameichezea Kenya raga ya saba kabla hajahamia huko. Winga pia. Aliwahi kuwa klabu za Widnes, mji wa viwanda vya kemikali, na Oldham, mji wa nyuzi, si mbali na njia zangu za basi. Nashangaa hatumtaji. Tungekuwa na Wakenya wanne wa namna yake tungeshaanzisha ligi kwenye midomo yetu.

*Binti yangu anaanza masomo Cardiff mwezi wa tisa. Amesoma hayo uliyoandika na anataka kwenda kuiona nyumba ya Boston. Aelekee wapi?*
— Mzazi, Kisauni

Mwambie asitafute nyumba, jirani yangu. Ile Butetown ya zamani ilibomolewa miaka ya 1960, mitaa mizima, yakajengwa maghorofa. Jina la Angelina Street lipo, kibao kipo, lakini hatagonga mlango aliotokea Billy. Na asidhani Wigan angepata afadhali: Central Park nayo iliuzwa, ikabomolewa 1999, pakajengwa duka la Tesco. Nimewahi kununua mkate pale, nikakaa kwenye foleni nikijiuliza nimesimama mstari gani wa uwanja.

Aende pale gatini, sasa wanapaita Cardiff Bay. Kuna kiwanja, Landsea Square, na tangu Julai 2023 kuna sanamu ya watu watatu wa mtaa na viunga vyake waliokwenda kaskazini: Boston, Sullivan, na Gus Risman, ambaye wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Latvia. Mchongaji ni Steve Winterburn. Huyo huyo ndiye aliyemchonga Boston pamoja na wenzake nje ya Wembley mwaka 2015, na peke yake katikati ya mji wa Wigan 2016. Mtu mmoja, sanamu tatu, na ya Cardiff ndiyo iliyokuja mwisho. Wapo watakaosema bora kuchelewa. Mimi nasema miaka 70 tangu zile noti za mezani ni kuchelewa kwelikweli.

Akimaliza kupiga picha apite Butetown yenyewe, asiishie kwenye mikahawa ya majini. Msikiti upo, maduka ya Wasomali yapo, na chai ya maziwa na viungo ataipata. Avae koti zito. Ule upepo unatoka baharini moja kwa moja, mwezi wa tisa unaanza kujifanya mpole tu.